Kwa nini Wajerumani wanamwimba Mfalme Arthur

Swali: Shikamoo mwalimu. Binamu yangu anayefanya kazi Dortmund alikuja likizo akaniachia CD ya kundi la Grave Digger, albamu ya 1999 inayoitwa Excalibur. Nilianza kuisikiliza kwa ajili ya magitaa tu, sasa siiachi. Lakini yapo mambo matatu yananisumbua. Hawa ni Wajerumani, imekuwaje waimbe albamu nzima juu ya mfalme wa Waingereza? Halafu, nyimbo zote ni hadithi moja, au kila wimbo una lake? Kiingereza changu ni cha shule na majina yananichanganya. La tatu, mama ameuliza maana ya jina la kundi. Nilipomwambia ni Mchimba Kaburi, akataka kujua kama huu ni muziki wa kumwabudu shetani. Sikuwa na jibu. (Msomaji, Tanga)

Marahaba, mwanangu. Nianze na la mama, maana la mama halingoji.

Grave Digger ni Mchimba Kaburi kweli, na ni kweli pia kwamba kwa miaka mingi mpiga kinanda wao, Hans Peter Katzenburg, alipanda jukwaani na joho jeusi lenye kofia na kinyago cha fuvu. Ukiiona picha hiyo bila maelezo, moyo unashtuka. Lakini yule si shetani. Yule ni Mauti, na Wajerumani wamekuwa wakimchora hivyo tangu enzi za mababu zao, tena makanisani. Baada ya tauni kubwa ya 1347 hadi 1351 kuifagia Ulaya, ilienea desturi ya kuchora Ngoma ya Mauti: mifupa inacheza imeshikana mikono na papa, mfalme, mfanyabiashara, mkulima na mtoto mchanga, wote katika mstari mmoja. Kanisa la Mtakatifu Maria mjini Lübeck lilikuwa na mchoro mrefu wa namna hiyo, kazi ya Bernt Notke ya 1463. Ulipochakaa ukanakiliwa upya mwaka 1701, na nakala hiyo ndiyo iliyoteketea kwa mabomu ya 1942. Kwa karne nyingi waumini walipita mbele yake wakienda kusali, na walichokumbushwa ni kile kile tunachokumbushwa sisi kila tunapozika, kwamba kila nafsi itaonja mauti. Mwambie mama hivyo. Mwambie pia bila kumficha kwamba humo mna vita, damu, usaliti na uchawi wa kwenye hadithi, na kwamba mwimbaji ana sauti ya kukwaruza. Wimbo wa kumtukuza shetani sijaukuta. Kisha mwekee Emerald Eyes, wimbo wa kumi na moja, kabla ya nyingine zote. Huo ni wa taratibu, na atasikia kwamba hawa ni wanamuziki.

Sasa swali lako la kwanza, ambalo nimelipenda kuliko yote, kwa sababu lina fundo ndani yake. Umesema Arthur ni mfalme wa Waingereza. Tulifungue hilo kwanza.

Watu waliomtunga Arthur walikuwa Wabritoni, wenyeji wa kile kisiwa kabla ya Waingereza, ambao kizazi chao ndio watu wa Wales wa leo. Dola ya Roma ilipoondoa majeshi yake huko mwanzoni mwa karne ya tano, makabila ya Wasaksoni na Waangli yalivuka bahari kutoka pande ambazo leo ni kaskazini mwa Ujerumani na Denmark, yakaanza kuitwaa nchi. Kitabu cha Kilatini cha karibu mwaka 829 au 830 kinamtaja Arthur kuwa jemadari aliyewapiga Wasaksoni hao katika mapigano kumi na mawili, la mwisho likiwa kwenye mlima wa Badon. Na hao Waangli na Wasaksoni ndio waliokuja kuwa Waingereza. Yaani Waingereza wenyewe walimrithi Arthur kutoka kwa watu aliowatetea dhidi ya babu zao. Nao babu zao walitoka Ujerumani! Kwa hiyo Mjerumani akimwimba Arthur anafanya jambo lile lile analofanya Mwingereza. Wote wawili wanamwimba shujaa wa upande uliopigana na wao.

Kama Arthur alikuwepo au hakuwepo, wanahistoria hawajapata ushahidi wa kutosheleza. Mtawa Gildas, aliyeandika katika karne ya sita, karibu kabisa na matukio, anavitaja vita vya Badon na hamtaji Arthur hata mara moja. Mimi hilo halinizuii usingizi. Habari kubwa ni safari ya hadithi yenyewe.

Karibu mwaka 1136, Geoffrey wa Monmouth aliandika kwa Kilatini historia ya wafalme wa Britania, na humo ndimo Arthur alipopata umbo tunalolijua: mchawi Merlin, baba yake Uther Pendragon, upanga wenye jina, usaliti wa Mordred. Mwaka 1155 Wace akaigeuza kazi hiyo kuwa mashairi ya Kifaransa akaongeza Meza ya Duara ya kuketi mashujaa wa Arthur, ambayo haikuwahi kuandikwa kabla yake. Baadaye Chrétien de Troyes, Mfaransa, akamleta Lancelot na mapenzi yake kwa malkia. Na karibu 1180 hadithi ikavuka mto Rhein. Hartmann von Aue akaitunga kwa Kijerumani. Akafuata Wolfram von Eschenbach, aliyeandika habari za Parzival katika mistari karibu 25,000, na karibu mwaka 1210 Gottfried von Strassburg akamtungia Tristan utungo ambao hakuumaliza. Angalia miaka hiyo, mwanangu. Wajerumani walikuwa na Arthur wa lugha yao zaidi ya miaka 250 kabla Thomas Malory hajaandika kile kitabu cha Kiingereza ambacho dunia nzima inakirejelea, kilichochapishwa Westminster, kando ya London, mwaka 1485.

Na hawakumwacha hapo. Katika karne ya 19 Richard Wagner alifanya opera ya Lohengrin mwaka 1850, Tristan na Isolde 1865, na Parsifal 1882. Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, aliyempenda Wagner kupita kiasi, alianza mwaka 1869 kujenga ngome ya Neuschwanstein, ile ambayo binamu yako bila shaka ameiona kwenye kadi za posta, na kuta zake za ndani zimechorwa hadithi hizo hizo. Mtoto wa Gladbeck anakua katikati ya mambo haya hata kama nyumbani kwao hakuna kitabu.

Nimeutaja Gladbeck kwa sababu ndiko kundi lilikoanzia mwaka 1980. Ulikuwa mji wa wachimba makaa ya mawe katika eneo la Ruhr, si mbali na hapo Dortmund. Mwimbaji Chris Boltendahl yumo tangu mwanzo hadi leo. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1984. Kisha wakapotea njia: mwaka 1986 walikata jina wakajiita Digger, wakatoa muziki wa kupendeza redio, ukawashinda, na muda mfupi baadaye kundi likavunjika. Walirudi miaka ya tisini wakiwa wameacha kumbembeleza mtu. Mwaka 1996 wakatoa albamu juu ya Waskoti na vita vyao vya kutafuta uhuru, mwaka 1998 nyingine juu ya Vita vya Msalaba, na 1999 hii uliyonayo. Mashabiki huziita zote tatu kwa pamoja utatu wa zama za kati. Mbili za kwanza zinahusu historia iliyoandikwa. Ya tatu ndiyo pekee iliyosimama juu ya ngano tupu, na kwa maoni yangu ndiyo iliyowafaa zaidi, kwa kuwa ngano inampa mtunzi nafasi ya kuingia moyoni mwa watu.

Hapo tumefika kwenye swali la pili.

Ni hadithi moja, ila haisimuliwi kama tulivyozoea kwenye utenzi, ambako msimulizi ni mmoja na tukio linazaa tukio ubeti baada ya ubeti. Hii ni zaidi kama matanga. Umekaa mkekani, ndugu mmoja anasema alichokijua juu ya marehemu, akinyamaza mwingine anadakia, na usiku ukiisha unajua maisha yote ya mtu ingawa hakuna aliyekusimulia kwa mpangilio. Tazama majina ya nyimbo: Merlin, Pendragon, Morgane, Tristan, Lancelot, Mordred. Karibu kila wimbo umekabidhiwa mtu. Jina la albamu ni la upanga wa Arthur, lakini ukiufuata upanga utapotea. Wafuate watu, hasa uwafuate kwa ujamaa wao, maana kilichouangusha ufalme huu kilitoka ndani ya ukoo.

Nikupe ukoo wenyewe. Uther Pendragon alimtamani Igraine, mke wa mtawala wa Cornwall. Merlin akambadilisha sura akafanana na mumewe, akaingia ngome ya Tintagel usiku, walinzi wakamfungulia na mke akampokea. Mimba iliyotungwa usiku huo ndiyo Arthur. Usiku huo huo mume halali aliuawa vitani. Sasa Igraine alikuwa na mabinti kwa mume yule, na mmoja wao ni Morgane. Kwa hiyo Morgane na Arthur ni ndugu wa tumbo moja, baba mbalimbali, na baba wa mmoja alinufaika na kifo cha baba wa mwenzake. Sisi tunaojua nyumba zilizogawanyika kwa mambo madogo kuliko hayo hatuhitaji kuelezwa chuki ilianzia wapi. Ajabu ni kwamba kwenye maandishi ya kwanza kabisa yanayomtaja, ya karibu 1150, Morgane hakuwa mbaya. Alikuwa mganga, mkubwa wa madada tisa wa kisiwa cha Avalon, na ndiye aliyempokea Arthur aliyejeruhiwa ili amtibu. Ubaya walimwongezea waandishi wa baadaye. Ukimsikiliza katika wimbo wa tano, kumbuka kwamba jina lake linarudi mwishoni kupitia Avalon, kisiwa chake.

Mordred naye, kwa Malory, ni mtoto wa Arthur aliyezaa na dada yake mwingine wa tumbo hilo hilo, bila kujua kwamba ni dada yake. Mtoto na mpwa kwa wakati mmoja! Watu wa pwani wakifika hapa humkumbuka Fumo Liyongo, aliyeshindikana kwa silaha zote mpaka mwanawe wa kumzaa alipotumwa amuulize siri ya kifo chake. Sisemi hadithi moja imetoka kwa nyingine. Nasema mtu aliyekulia na Liyongo anauelewa wimbo wa tisa kabla hajafungua kamusi.

Hapo kwenye wimbo wa tisa uwe mwangalifu unapotafuta mtandaoni. Kundi jingine la Kijerumani, Blind Guardian la Krefeld, lina wimbo wenye jina hilo hilo, Mordred's Song, katika albamu yao ya 1995. Vijana wengi wameniandikia wakisifu mmoja wakidhani ni mwingine. Ni nyimbo mbili tofauti kabisa.

Lancelot ndiye ufa wa tatu, na habari zake unazijua hata kwa Kiingereza cha shule: rafiki mpenzi wa mfalme aliyempenda mke wa mfalme. Nitakuongezea jambo moja tu. Karibu mwanzoni mwa miaka ya 1200 kulikuwa na Lancelot wa Kijerumani, aliyetungwa na Ulrich von Zatzikhoven, na huyo hakuwa na uhusiano wowote na malkia. Alioa wake zake wengine, akatawala, akafa mzee. Lakini kwa Lancelot wa namna hiyo ufalme hauanguki, na albamu hii inautaka uanguke.

Tristan ndiye asiyenikaa vizuri katika mpangilio. Kisa chake kilikuwa hadithi ya peke yake, kikaja kuunganishwa na Meza ya Duara baadaye, na kifo chake hakibomoi tofali hata moja la ufalme wa Arthur. Wimbo wenyewe ni mzuri, lakini uzi unalegea. Naelewa kwa nini Mjerumani hakuweza kumwacha, kutokana na Gottfried na Wagner niliokutajia. Na wewe wa Tanga hutakubali aachwe ukisikia mwisho wake kama Wafaransa walivyousimulia. Tristan amelala na jeraha la sumu ng'ambo ya bahari. Ametuma chombo kimlete Isolde wa Ayalandi, mwanamke aliyempenda, ambaye peke yake anajua dawa. Wamekubaliana: Isolde akiwemo, chombo kitweke tanga jeupe, asipokuwemo, jeusi. Tristan hawezi tena kuinuka kuangalia baharini. Anamuuliza mke wake wa ndoa, ambaye naye anaitwa Isolde, na mke ana wivu. Anachungulia, anaona tanga jeupe linakuja na upepo, anageuka na kumwambia mgonjwa ni jeusi. Tristan anageukia ukutani anakata roho. Chombo kinatia nanga muda mfupi baadaye.

Tuje kwenye sauti, maana ndiyo iliyokuvuta. Vaa spika za masikioni usikilize mahali ambapo utangulizi, The Secrets of Merlin, unamwachia Pendragon. Utangulizi unakutandikia ukungu, kisha gitaa linaingia mbio. Mkono wa kulia wa Uwe Lulis hauziachi nyuzi zilie wazi. Kiganja kinazigusa karibu na mwisho wa gitaa ili mlio ukatike, ukauke, na ukirudiwa kwa haraka unapata kishindo cha kwato. Chini yake Stefan Arnold anapiga ngoma kubwa kwa miguu yote miwili, kulia na kushoto kwa zamu, kwa hiyo mdundo wa chini haukatiki. Besi ni ya Jens Becker, aliyetokea kundi la Running Wild la Hamburg, na yeye ndiye anayeufunga mlio wa miguu ya Arnold na mkono wa Lulis uwe kitu kimoja. Usikilize mara moja ukiwa umeamua kumfuata yeye tu, usijali sauti nyingine. Utaona jinsi nyimbo zinavyosimama juu yake.

Huo ndio uti wa mgongo wa pawa metali ya Kijerumani, yaani roki nzito ya mwendo wa kasi. Kinachobaki ni kiitikio. Aina hii ya muziki imejengwa ili umati uimbe, na katika The Round Table mwendo umepunguzwa makusudi ukawa wa kutembea, kwaya ya wanaume inaingia, na hata asiyejua Kiingereza anaweza kudakia mara ya pili. Wimbo juu ya meza ambayo hakuna wa juu wala wa chini kwake, ukaimbwa na watu wote pamoja: mimi naona hapo walifikiri vizuri sana. Iko meza ya mwaloni yenye upana wa mita 5.5 inayoning'inia ukutani katika ukumbi wa Winchester, Uingereza. Ilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 13, mamia ya miaka baada ya Arthur yeyote anayeweza kudhaniwa. Mfalme wa siku zile alitaka naye aonekane yumo hadithini.

Kuhusu sauti ya Boltendahl, wengi hushangaa. Waimbaji wa aina hii, kama Michael Kiske wa Helloween, hupanda juu kwa sauti nyororo hadi kioo kitake kupasuka. Boltendahl hapandi. Anakwaruza kama mzee aliyevuta moshi wa kuni maisha yake yote, na Kiingereza chake kina Ujerumani ndani yake. Wapo wanaomwona kuwa ndiye udhaifu wa kundi. Mimi nashikilia kwamba bila yeye albamu hii ingekuwa pambo. Hadithi ya mfalme aliyeuawa na mwanawe haitaki sauti nyororo.

Sasa nikupe kile ninachotaka uwe nacho kichwani unapofika wimbo wa kumi, The Final War, kama Malory alivyokiandika. Majeshi ya baba na mwana yamesimama yakitazamana, lakini wamekubaliana kuzungumza. Kila upande umeonywa: ukiona upanga umechomolewa, shambulieni. Wakati wakubwa wanazungumza, nyoka anatoka kichakani anamuuma askari mmoja mguuni. Askari anachomoa upanga amuue nyoka, hana nia nyingine. Chuma kinameta juani. Baragumu zinalia pande zote mbili, na hadi jioni wanabaki wa kuhesabika. Arthur anamwona Mordred ameegemea upanga wake katikati ya maiti, anachukua mkuki na kumkimbilia, unaingia mwilini. Mordred, akijua amekwisha, anajisukuma mbele kwenye mti wa mkuki ule ule uliomchoma mpaka anamfikia baba yake, anampiga upanga kichwani. Kumbukumbu za kale za Wales zinaliweka pigano hilo, la Camlann, mwaka 537, na zinasema tu kwamba Arthur na Medraut, ndiye Mordred, walianguka.

Kisha upanga. Mfalme anayekata roho anamwambia Bedivere, shujaa wa mwisho aliyebaki, aupeleke Excalibur ziwani autupe. Bedivere anafika, anaangalia mpini ulivyopambwa kwa vito, anauficha chini ya mti. Anarudi. Mfalme anamuuliza, umeona nini? Anajibu, mawimbi na upepo tu. Mfalme anajua ni uongo, anamrudisha. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu anautupa kwa nguvu zake zote, na mkono unatoka majini, unaudaka, unautikisa mara tatu, unazama nao. Kumbuka huyu ndiye aliyekuwa mwaminifu kuliko wote waliobaki, na bado alidanganya mara mbili kwa ajili ya vito. Ndiyo maana nilikuambia uwafuate watu, usiufuate upanga. Baada ya The Final War unakuja ule wimbo wa mama, Emerald Eyes, kisha Avalon, na chombo kinaondoka na mfalme.

Mwisho, geuza kasha la CD yako uangalie orodha. Ikiishia Avalon, unalo toleo la kawaida. Lipo toleo lenye wimbo mmoja wa ziada, Parcival, na huo ningependa uutafute kwa binamu. Ni jambo linalonisikitisha kidogo kwamba shujaa ambaye Wajerumani walimtungia vizuri kuliko taifa lolote amewekwa pembeni, nje ya hadithi kuu. Kwa Wolfram, Parzival anafika akiwa kijana kwenye ngome ya mfalme mgonjwa, Anfortas, ambaye jeraha lake haliponi wala halimuui. Anaona mateso yale mezani usiku ule na hasemi kitu, kwa sababu mzee mmoja alimfundisha kwamba muungwana haulizi maswali mengi. Asubuhi ngome tupu, na anatangatanga miaka kwa kosa la kunyamaza. Mgonjwa yule, anakuja kujua njiani, ni kaka wa mama yake. Anaporudi safari ya pili anapiga magoti, anasali, anasimama na kuuliza swali lenye maneno machache, na mgonjwa anapona pale pale. Katika Kijerumani cha wakati ule linaanza na neno la ujamaa, na sisi tunalo neno lake kamili: Mjomba, nini kinakusumbua?